Kuomba Kura na Kujiandaa Kutawala

 

 Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulizungumza barazani kwa kicheko, na hali si jambo la kuchekea. Nalo ni hili: mtu anayetaka uongozi hujiandaa lini? Je, ni baada ya kupewa kiti, au ni katika siku zile anapopita nyumba kwa nyumba akiomba kura?

Lililonifanya nishike kalamu ni kisa kilichonipata mwenyewe. Ulipokwisha uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwezi Novemba 2024, kijana mmoja niliyemsomesha juzuu alinijia usiku baada ya sala ya Isha. Sitamtaja jina, wala kitongoji chake, ila ni katika bonde letu hili la mto Lukuledi. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji, na siku ile ya ushindi nalimwona akibebwa mabegani. Usiku ule alikuja pekee yake, kanzu imemlegea kama ya mtu aliyetoka kuumwa.

Akaniamkia, "Shikamoo, Maalim."

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mbona umekuja gizani?"

Akainama, akasema, "Maalim, mchana siwezi kupita njiani. Niliwaahidi watu kisima kabla ya masika. Kila anionaye ananiuliza kisima. Nami sijui hata kinaanzia wapi. Nimeshinda, Maalim, lakini sijui nifanye nini. Nataka kuandika barua nijiuzulu."

Ndugu msomaji, maneno yale yalinichoma, kwa sababu nami yamenipata. Sikumwambia usiku ule, bali leo nitayasema hadharani ili iwe funzo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, nalichaguliwa kuongoza kamati ya kujenga madrasa. Nalisimama mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, nikasema kwa sauti kubwa kwamba msimu wa korosho ukiisha watoto watasoma chini ya bati. Watu wakatoa, kila mtu kwa kadiri alivyojaaliwa. Mimi sikuwa nimepima kiwanja, sikuwa nimehesabu matofali, wala sikuwa nimemwuliza fundi hata mmoja. Fedha zilipopatikana nikakimbilia kununua bati, kwa kuwa bati ndiyo niliyoahidi. Kuta hazikuwapo. Bati zikalala nje, nyingine zikapinda, nyingine zikaibwa, na watoto wakasoma chini ya mwembe masika mbili. Waliotoa fedha zao hawakunitukana. Laiti wangalinitukana! Walininyamazia tu, na nalipoomba mchango mara ya pili hapakuwa na aliyetia mkono mfukoni.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba na uongozi bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Sasa na tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Kuna watu wema miongoni mwetu wanaosema kwamba Mwislamu haimpasi kuomba uongozi kabisa. Wana hoja. Imesimuliwa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwasa Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Kwani akipewa kwa kuuomba ataachiwa mwenyewe na mzigo wake, bali akipewa pasipo kuuomba atasaidiwa. Hii ni nasaha nzito, na kila anayetia jina lake katika karatasi ya kugombea yampasa aikumbuke.

Lakini katika Kurani tukufu, Sura Yusuf, twasoma habari ya Nabii Yusuf aliyemwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akatoa na sababu: kwamba yeye ni mtunzaji na mjuzi. Wanavyuoni wamepatanisha mambo haya mawili. Anayekatazwa ni yule anayeutaka ukubwa kwa ajili ya nafsi yake, au asiyeuweza. Ama mwenye amana na ujuzi, naye aona kwamba watu wataangamia lau kazi ile itashikwa na asiyejua, huyo hana lawama.

Na hapa nataka vijana watazame jambo moja ambalo hupita mbele ya macho yetu tukisoma sura ile. Nabii Yusuf alitoa mpango wake lini? Hakuutoa baada ya kupewa cheo. Aliutoa akiwa bado kifungoni, alipoulizwa tafsiri ya ndoto ya mfalme. Alisema habari ya miaka saba ya kulima kwa bidii, nafaka iachwe katika masuke yake ila kidogo ya kula, kisha ije miaka saba ya shida itakayokula akiba ile. Miaka ilihesabiwa, na njia ya kuhifadhi ilielezwa. Kwa hiyo alipokabidhiwa hazina, hakuwa na haja ya kuja usiku kwa mwalimu wake kuuliza, "Nifanye nini?" Mpango ulitangulia, cheo kikafuata.

Tazameni pia Hijra. Sithubutu kuifananisha kazi ya Mtume na siasa zetu, hasha! Lakini sisi tumeamrishwa kuchukua mafunzo katika mwenendo wake. Kabla hajaingia Madina mwaka 622, mambo mengi yalikuwa yamekwisha kutengenezwa. Mwaka mmoja nyuma watu 12 wa Madina walitoa ahadi kwake pale Akaba, naye akawapelekea Mus'ab bin Umair awasomeshe dini na kuwazoea watu wa mji ule. Mwaka uliofuata wakaja wanaume 73 na wanawake wawili, na Mtume akawataka wachague miongoni mwao wasimamizi 12. Ndipo alipohama. Alipofika alijenga msikiti, akaunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, akaandikisha mapatano baina ya watu wa mji. Mji ule haukumpokea kama mgeni asiyejua mlango ulipo.

Basi twatoka katika mifano hiyo mitukufu, tuje katika nchi yetu.

Wengi wa wasomaji wetu vijana wamesikia kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wachache wamefikiri ni kwa njia gani watu waliokuwa hawana jeshi wala hazina waliweza kushika serikali ya nchi kubwa kama hii, ofisi zikafunguliwa asubuhi yake na barua zikaendelea kufika. Jibu ni kwamba zile safari za kuomba wanachama na kura zilikuwa chuo.

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na mwaka ule ule akaacha kazi ya kufundisha Pugu. Tangu hapo maisha yake yalikuwa njiani. Alilala katika nyumba za watu, akala walichokula, akasikiliza mashauri ya wazee. Bibi Titi Mohamed naye, Mwislamu wa Dar es Salaam, aliongoza akina mama wa TANU, akawatoa majumbani wakasimama pamoja na waume zao katika mikutano. Katika safari zile viongozi wale walijifunza nchi. Walijua wapi maji hayapo, wapi watu wanalalamikia kodi, wapi watemi wanapendwa na wapi wanachukiwa. Hapana kitabu cha serikali ya kikoloni ambacho kingaliweza kuwafundisha hayo.

Tena katika safari hizo walijifunza kutawala nafsi zao. Mwezi Januari 1958 wanachama walikutana Tabora. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye masharti magumu: mpiga kura awe na elimu au kipato cha kiasi maalumu, au cheo kinachotambulika, tena ampigie kura Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliokuwako walitaka TANU isusie uchaguzi ule, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu aliona kwamba kususia ni kuwaachia wengine mlango wazi, akasimama akawaeleza watu wake jambo wasilopenda kulisikia, mpaka wakakubali kuingia. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakapata ushindi mkubwa.

Ndugu msomaji, huo ndio mtihani wa kwanza wa kiongozi. Kuwaambia watu wanayoyapenda ni kazi nyepesi. Anayeweza kuwaambia wenziwe neno chungu kabla hajapewa mamlaka, na wakamsikiliza, huyo ataweza kuwaambia tena akiwa na mamlaka. Bali yule aliyewapaka asali siku zote za kampeni, siku atakapotaka kusema kweli hataaminiwa.

Na tazameni jinsi ngazi ile ilivyopandwa kidaraja kidaraja. Tarehe 1 Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa waliingizwa katika serikali kuwa mawaziri, wakiwamo Chifu Abdallah Fundikira na Amir Jamal. Wakajifunza kazi hali Waingereza wangali wapo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na Septemba Mwalimu akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu wa serikali ya ndani. Desemba ukaja uhuru wenyewe. Yaani baina ya mawaziri wale wa kwanza na bendera mpya ilipita miaka miwili na nusu ya kujifunza.

Kisha likatokea jambo lililowashangaza wengi. Tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Yeye akarudi kuzunguka nchini na kukitengeneza chama, kwa kuwa aliona chama kilichoandaliwa kwa kudai uhuru bado hakijaandaliwa kwa kujenga nchi. Katika mwaka ule aliandika na kusema sana habari ya ujamaa na ya viongozi kujisahihisha. Mwezi Novemba 1962 akasimama katika uchaguzi wa Rais kushindana na Zuberi Mtemvu, akapata karibu asilimia 98 ya kura, na tarehe 9 Desemba 1962 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya kwanza.

Na yule Kawawa aliyeachiwa nchi, je, aliokotwa njiani? La. Alizaliwa Songea, kusini kwetu huku, mwaka 1926. Alifanya kazi ya ustawi wa jamii, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alikuwa amezoea kukaa meza moja na waajiri, kuhesabu mishahara, na kuwatuliza watu wenye njaa na hasira. Kwa sababu hiyo alipokabidhiwa nchi ghafula hakutetemeka. Katika miezi yake ya uwaziri mkuu ndipo yalipotengenezwa mengi ya Jamhuri. Basi kijana anayekataa kuwa katibu wa kamati ya maji, au mtunza fedha wa chama cha msingi, kwa kuwa "ni vyeo vidogo", ajue kwamba anakimbia darasa.

Kwetu hapa twaweza kutaja na mfano wa karibu zaidi. Kassim Majaliwa, aliyechaguliwa mbunge wa Ruangwa mwaka 2010 na kuwa Waziri Mkuu mwezi Novemba 2015, hakuanzia juu. Alikuwa mwalimu, akawa mkuu wa wilaya, akawa mbunge na naibu waziri. Mpenzi wa siasa zake na asiye mpenzi watakubaliana katika hili, kwamba daraja zilipandwa moja baada ya moja.

Lakini haki yatulazimu tuseme na upande wa pili, kwani kusifu peke yake hakumfundishi mtu. Waasisi wetu waliandaliwa vema katika kuijua nchi na kuwaunganisha watu, ila yako mambo ambayo maandalizi hayakuyafikia. Mwalimu mwenyewe alizoea kukumbusha kwamba wakati wa uhuru nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12 tu. Jeshi nalo liliachwa chini ya maofisa wa Kiingereza, na manung'uniko ya askari juu ya mishahara na vyeo hayakupata tiba mapema. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, na maasi yakafika Tabora na hata Nachingwea yetu hii. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Kiingereza, jambo lililowatia viongozi uchungu, kisha jeshi likavunjwa na kuundwa upya. Mlango mmoja usiotazamwa siku ya kujiandaa, ndio huo mwivi anaopitia.

Sasa mtu ataniuliza, "Maalim, je, mpango pekee hautoshi? Kwa nini kiongozi ahangaike na kuzunguka kwa watu?" Jibu lake liko katika ardhi yetu wenyewe. Wazee wa Nachingwea hawajasahau karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakaletwa wataalamu wachache, wakaizunguka nchi kwa muda wa wiki 9 hivi, wakaandika ripoti. Mwaka 1947 kazi ikaanza, mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulisema zitalimwa ekari zaidi ya milioni 3. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuleta mizigo bara. Karatasi zilikuwa nyingi na nzuri, na mashine zilikuwa kubwa ambazo macho yetu hayajaona mfano wake. Lakini mvua haikusoma ripoti ile. Kule Kongwa udongo ukawa mgumu kama saruji na ukame ukaua mimea. Wagogo wenye nchi yao wangaliweza kusema habari ya ukame ule lau wangaliulizwa. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa.

Huo ulikuwa mpango pasipo kuwasikiliza watu. Na ahadi ya kijana wangu ilikuwa kuwapitia watu pasipo mpango. Yote mawili yameanguka shimo moja. Mpango huonyesha njia, na kuzunguka kwa watu huonyesha mashimo yaliyomo njiani. Anayetaka kuongoza hana budi kuwa na vyote viwili.

Kuna na maradhi mengine ambayo siwezi kuyanyamazia, nayo ni kununua kura. Khanga, kilo ya sukari, noti iliyokunjwa ndani ya kiganja. Mtume amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Juu ya dhambi yake, nataka mtazame na hasara yake ya hapa duniani. Mgombea anayenunua kura hafundishwi na mtu jambo lolote. Akifika nyumba hii hatoi masikio, hutoa noti. Mama wa nyumba hana haja ya kumweleza kwamba mtoto wake hutembea maili nyingi kufuata shule, kwa kuwa wamekwisha kumalizana. Siku akipata kiti, kichwani hana kitu ila hesabu ya fedha alizotumia na namna ya kuzirudisha. Nasi tuliopokea hatuna uso wa kumdai, kwani haki yetu tumekwisha kuila na chai.

Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba Sayyidna Umar alipojeruhiwa aliliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa Sahaba sita, washauriane kwa siku tatu. Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa mmoja wao, alijitoa katika kugombea, kisha akazunguka Madina akiuliza watu, wakubwa na wadogo, mpaka wanawake majumbani mwao, nani wanamtaka. Nafikiri katika hayo mna adabu ambayo imetupotea: kuwaendea watu kwa ajili ya kuuliza.

Narudi kwa kijana wangu. Usiku ule nalimwambia, "Mwanangu, barua usiandike. Chukua daftari. Kesho rudi katika nyumba zile zile ulizopita ukiomba kura, lakini safari hii uombe habari. Uliza maji yanachotwa wapi, kwa saa ngapi, nani alichimba zamani na kwa nini pakafukia. Kisha omba msamaha wa ile tarehe uliyoitaja."

Akasema, "Maalim, kuomba msamaha si watanicheka?"

Nikamwambia, "Watacheka siku moja. Ukijificha watacheka miaka mitano."

Akaenda. Katika nyumba ya tatu, kwa maneno yake mwenyewe, bibi mmoja kizee alimwonyesha mahali ambapo hapakauki hata kiangazi, jambo ambalo hakulijua ingawa alizaliwa hapo. Fundi mmoja akamweleza gharama ya saruji na mabomba. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, basi akalipeleka shauri lile halmashauri likiwa na hesabu, na kutoka hapo likafika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mtu mzima, na ambao kwa kanuni yapasa uitwe kila miezi mitatu. Watu walimcheka, ni kweli. Kisha wakakubaliana kutoa nguvu zao na kuweka kiasi fulani wakati wa kuuza korosho. Mpaka naandika haya kisima hakijachimbwa. Mawe yamekusanywa, fedha zimefika nusu, na daftari lipo, kila mtu anaweza kulitazama. Naye siku hizi hupita njiani mchana.

Vijana wangu, mnaotamani uongozi wa kijiji, wa kata, wa bunge au wa kamati ya msikiti, shikeni haya machache.

Kwanza, itengenezeni nia. Jiulizeni kabla ya kuchukua fomu, "Kama kazi hii isingekuwa na posho wala heshima, ningeitaka?"

Pili, ijueni kazi yenyewe. Ulizeni mwenyekiti ana mamlaka gani na hana yapi, fedha hutoka wapi, nani huidhinisha. Msiahidi jambo lililo mikononi mwa mwingine.

Tatu, nendeni kwa watu na daftari. Andikeni shida ya kila nyumba, wala msiwasahau wasio na sauti: wajane, walemavu, na wale wasiowapenda ninyi.

Nne, ahidini kidogo, tena kwa hesabu. Ahadi ni deni, na mwenye deni huulizwa hapa na huulizwa huko Akhera.

Tano, wajueni mapema watakaofanya kazi pamoja nanyi. Mpeni nafasi na mshindani aliyeshindwa, kwa kuwa naye alizunguka nyumba zile zile na huenda alisikia usilolisikia wewe.

Na ninyi wazazi, msifikiri haya hayawahusu. Uongozi huanza kufundishwa nyumbani. Mtoto aliyepewa kuku watatu awatunze, akaulizwa hesabu ya mayai kila Ijumaa, amekwisha kuanza kujifunza amana. Mtoto aliyezoea kusamehewa kila ahadi anayoivunja, msishangae akiwa mtu mzima akituahidi kisima.

Hivi sasa barabara ya lami itokayo hapa Nanganga kwenda Ruangwa yapita karibu na madrasa yetu, nasi wakati wa kampeni huona magari yenye bendera na vipaza sauti yakipita kwa kasi. Watoto huacha mbao zao wakayakimbilia kwa shangwe. Siwakatazi. Lakini wakirudi huwauliza swali moja, "Aliyekuwamo garini ameshuka?" Nami nawaombeni nanyi muulize hivyo hivyo. Anayeshuka, akaa mkekani, akauliza na kuandika, huyo ameanza kazi kabla hamjampa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wanaomcha, na atupe sisi raia macho ya kuwatambua, na atuwafikishe kuzitimiza ahadi tulizokwisha kuzitoa. Amin.

Wabillahi taufiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.